Tumefika milioni 61, ila Wasukuma tuko wangapi hakuna anayejua

#1 Ngosha_wa_Mpanda
Wakuu heshima kwenu. Kuna jambo linanisumbua toka juzi. Nilikaa kwenye banda la chipsi hapa Mpanda, wazee wawili wakaanza kubishana, mmoja Mfipa, mwingine Msukuma mwenzangu. Yule Mfipa anasema nyie mmetumeza, Katavi hii ilikuwa yetu leo kila kona ni ng'ombe na Kisukuma. Msukuma anamjibu sisi tuko milioni kumi nchi nzima mtatuweka wapi. Nikajisemea ngoja nikatafute namba nimalize ubishi, nimehangaika siku mbili nzima.

Nilichopata: sensa ya 2022 inasema Watanzania tuko 61,741,120, wanaume 30,053,130 na wanawake 31,687,990. Mkoa wetu wa Katavi 2012 ulikuwa na watu 564,604, 2022 wakafika 1,152,958, yani umezidi mara mbili kwa miaka kumi tu! Ila ukiuliza hao milioni na ushee ni kina nani, umegonga ukuta. Umri upo, jinsia ipo, aina ya choo mpaka bati la nyumba vipo, kabila hakuna.

Mimi nasema ni kosa. Nchi yenye makabila 120 inajihesabu halafu haitaki kujua nani ni nani. Sensa ijayo swali la kabila lirudi. Karibuni tujadili, bila matusi.

#2 Mzaramo wa Maneromango
Nyie Wasukuma watani zangu hamhitaji sensa, mkishuka pale stendi ya Magufuli na madumu ya maziwa mgando tunawahesabu wenyewe. Ila swali zuri, naweka kiti hapa nisome.

#3 Takwimu Tu
Mleta mada umeuliza vizuri ila turekebishe mambo mawili matatu.

Swali la kabila lilikuwepo. Mwingereza aliuliza, na sensa ya kwanza baada ya uhuru, ile ya Agosti 1967, iliuliza kabila na dini pia. Kipindi hicho tulikuwa milioni 12.3 tu. Kuanzia 1978, halafu 1988, 2002, 2012 na 2022 halijaulizwa tena. Kwa hiyo mtu yeyote anayekutajia asilimia ya kabila fulani leo anakupa makisio ya kuzidisha namba za 1967 au ametoa kichwani.

Kwa 1967 Wasukuma walikuwa kama mtu mmoja kati ya kila wanane. Sasa watu wanachukua hiyo sehemu, wanazidisha na milioni 61, wakiongeza na chumvi wanapata milioni kumi. Hesabu ya namna hiyo inachukulia kwamba kila kabila limezaa sawa, limekufa sawa na limeoana lenyewe kwa lenyewe miaka 55. Nani anaamini hilo?

Na hiyo 120 nayo tuangalie. Watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa atlasi ya lugha za Tanzania 2009, wakakuta lugha zinafika kama 150, na Kisukuma peke yake wasemaji zaidi ya milioni 5. Ila msemaji wa lugha na mtu wa kabila sio kitu kimoja. Mwanangu ni kabila langu na hajui hata salamu.

#4 Mfipa Mtulivu
Ngosha huyo mzee wa chipsi nae amekosea. Wafipa kwetu Rukwa, Sumbawanga na Nkasi huko. Wenyeji wa Katavi ni Wapimbwe, Wakonongo na Wabende. Sisi nao ni wahamiaji hapo Mpanda, tumewahi tu kuliko nyie. Wapimbwe wa Mpimbwe ndio wana haki ya kulalamika maana sasa hivi mnadani Majimoto mtu akiongea Kipimbwe watu wanageuka kumwangalia.

#5 Ngosha_wa_Mpanda
#4 asante kwa sahihisho mkuu. Na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Huyo Mpimbwe yuko wangapi? Akipungua nani atajua?

#6 Mama Chausiku
Wanangu mnabishana kabila mmesahau kuuliza hiyo mara mbili imetoka wapi. Mimi ni mkunga mstaafu. Nilipoanza kazi mwisho mwisho wa miaka ya themanini wodi ya watoto ilikuwa kitanda kimoja watoto watatu, surua na malaria, asubuhi unaingia unakuta shuka limefunikwa unajua tayari. Mama alikuwa anazaa nane akijua watabaki watano. Hiyo ndio ilikuwa hesabu yake, na hakuwa mjinga.

Mwaka 1999 katika watoto 1,000 waliozaliwa hai walikuwa wanakufa 99 kabla hawajatimiza mwaka mmoja. 2022 wamefika 33. Vyandarua, chanjo, watu kujifungulia vituoni. Sasa watoto wanabaki, ila kina mama bado wanazaa kama vile hawatabaki, wastani karibu watano kwa mama mmoja, na vijijini wanazidi hapo. Mimi sioni Wasukuma wala nani, naona mtoto aliyepona surua 1995 leo ana watoto wake wanne.

#7 karani2022
Nakazia kwa Mama. Ila mimi nilikuwa karani wa sensa huko huko Katavi, tarafa siitaji. Ngoja niwape kitu nilichoona kwa macho.

Eneo langu la kuhesabia lilikuwa na boma moja la wafugaji, kutoka barabarani ni saa nzima na nusu kwa pikipiki halafu unashuka unasukuma kwenye mchanga. Nimefika na kishikwambi changu, mkuu wa kaya mzee wa makamo, wake watatu, nyumba saba za tembe. Nauliza nani walilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Tumeanza saa nne asubuhi tumemaliza saa nane na nusu. Watu 31. Kuna mtoto wa wiki mbili alikuwa hajapewa hata jina, mama yake akanitazama akasema andika la bibi yake, basi jina lile limetoka pale pale mbele yangu.

Nikamuuliza mzee, 2012 walikuja? Akasema walifika pale kwa mwenyekiti wa kitongoji wakaandikiwa kwa mdomo wakaondoka. Sasa mimi sijui ni kweli au la, ila nikiona namba ya Katavi imezidi mara mbili huwa nawaza sehemu yake ni watu waliokuwepo siku zote na hawakuhesabiwa. 2022 ilikuwa ya kwanza kutumia vishikwambi, ukiruka swali kinagoma kuendelea.

#8 Takwimu Tu
#7 hiyo point nzito lakini isizidishwe. Kama 2012 walikosa watu wengi hivyo ingeonekana kwenye umri: wale wa miaka 10 kwenda juu 2022 wangezidi sana wale wote wa 2012. Kwa Katavi uhamiaji unaeleza sehemu kubwa, ardhi ipo, mpunga upo, dhahabu ipo.

#9 karani2022
Na huyo mhamiaji utamtofautishaje na aliyerukwa, wote wanaonekana wameongezeka. Mimi nakwambia nilichokiona bomani wewe unaniambia cha kwenye jedwali.

#10 Mrombo Asilia
Kwetu Kilimanjaro ni kinyume chake. 2012 tulikuwa 1,640,087, 2022 ni 1,861,934. Miaka kumi nyongeza laki mbili na kidogo wakati Geita imetoka 1,739,530 ikafika karibu milioni 3. Sababu ni kihamba, lile shamba la migomba la ukoo. Babu yangu alikuwa na migomba ekari mbili, akagawa kwa watoto wanne, baba yangu akapata nusu eka, sisi tuko watano. Nikigawiwa hapo nitajenga choo tu. Kwa hiyo unasoma unaondoka, unaoa ukiwa na miaka 32 Mbezi, unazaa wawili watatu, wanaandikwa Dar es Salaam. Desemba tunarudi magari yamejaa mpaka Himo, Januari kijiji kinabaki na bibi na mbuzi.

Ndio maana siogopi swali la kabila ila naona halitakusaidia. Halafu Mchaga ni nani? Mrombo na Mmachame kila mtu akiongea Kichaga chake hatuelewani, tunahamia Kiswahili. Kwenye dodoso utaandika kabila moja au kumi?

#11 Mzaramo wa Maneromango
#10 ndio hapo sasa, mnakuja kuzaa kwetu. Watu wanasema Dar imepunguza kasi, 2002 mpaka 2012 ilikuwa inakimbia karibu asilimia 6 kwa mwaka, hii kumi ya mwisho ni 2.1 tu, wamefika 5,383,728. Haijapunguza kitu. Imemwagika. Angalieni Pwani, kutoka 1,098,668 mpaka 2,024,947. Wote hao ni wa Vikindu, Mkuranga, Kibaha, Mapinga, mtu anafanya kazi Kariakoo analala mkoa mwingine. Shamba la mikorosho la baba yangu mdogo sasa lina frem za maduka na gereji. Wazaramo tumehesabika wapi hapo mimi sijui, jirani zangu wanne hapa: Mpare, Mngoni, Mmakonde na familia ya Kihaya.

#12 Mkenya Jirani
Hamjambo ndugu zetu. Kwetu tunauliza na namba zinatoka. 2019 tulikuwa 47,564,296. Wakikuyu 8,148,668, Waluhya 6,823,842, Wakalenjin 6,358,113, Wajaluo 5,066,966, Wakamba 4,663,910. Mnataka kujua imetusaidia nini? Wanasiasa wanajumlisha hizo namba kwa mikutano kama hesabu ya kura, kabila langu na lako tukiungana tumeshinda. 2009 serikali ilifutilia mbali matokeo ya wilaya 8 za kaskazini ikisema namba zimepanda kupita kiasi, watu wakaenda kortini. Mtu akijua kuhesabiwa kunaleta pesa na viti, anahesabu mpaka ngamia.

Lakini pia nikubali upande mwingine. Wamakonde wa Kwale walikaa miaka na miaka bila uraia, 2016 wakatembea kwa miguu kuja Nairobi, wakatambuliwa kabila la 43. Kuwa kwenye orodha kuliwapa kitambulisho. Kwa hiyo msidhani swali lenyewe ni baya.

Halafu mnazaa sana nyinyi. Sisi tumeshuka mpaka 3.4 kwa mama mmoja.

#13 Mama Chausiku
#12 karibu mwanangu. Mnazaa wachache kwa sababu wasichana wenu wamekaa shule zaidi na njia za uzazi zinapatikana. Huku mwaka 2018 kiongozi wa nchi alisimama jukwaani Meatu akawaambia watu waache kupanga uzazi. Niliona kina mama kliniki wanauliza kama sindano imepigwa marufuku. Haikupigwa marufuku, lakini neno lilikuwa limeshafika.

#14 Hakika
Mama na heshima zote, 2018 mpaka sensa ni miaka minne tu, haiwezi kueleza ongezeko la miaka kumi. Na uzazi kwa kweli umeshuka kutoka 5.2 hadi 4.8. Tunaongezeka kwa sababu vijana ni wengi, wenye chini ya miaka 15 ni zaidi ya asilimia 42. Hata wote wakizaa watatu bado tutaongezeka.

#15 Mama Chausiku
Sijasema ndio sababu pekee. Nimesema nilichokiona kliniki.

#16 Mluguru Nusu
Jamani ngoja niwaharibie hesabu. Mama yangu Mluguru wa Mgeta, baba Mchaga wa Kibosho. Kwa Wachaga mtoto ni wa baba, mimi ni Mchaga, nina jina la ukoo na Desemba natakiwa kwenda. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye sauti, mimi ni Mluguru kamili na shamba la milimani nina haki nalo. Alipofariki bibi mzaa mama nilikaa kwenye msiba kama mwenye msiba. Alipofariki babu mzaa baba nilikaa vile vile. Pande zote mbili zinanihesabu mzima mzima. Karani akija ataniweka mara mbili au ataniuliza nichague? Na mke wangu Mnyaturu, mtoto wetu ana miaka sita, juzi shuleni wameulizwa kabila akajibu Mtanzania wa Kihonda.

#17 Ngosha_wa_Mpanda
#16 hahaha Mtanzania wa Kihonda nimeipenda. Ila mkuu si inawezekana kuweka nafasi ya kuandika mawili?

#18 Bandugu wa Bukavu
Bandugu jambo. Miye niko Bukavu, Congo, ninasoma hii mazungumzo na ninawaonea wivu kwa sababu ninyi mnajuaka hata idadi. Sisi walituhesabuka mara ya mwisho 1984, wakati wa Mobutu, tulikuwa karibu milioni 30. Leo wanasema tumepita milioni mia moja lakini ile ni makisio. Hatuna hata kitambulisho cha taifa cha kawaida, watu wanatumia kadi ya mchaguzi, na viti vya bunge vinagawanywa kufuatana na walioandikishwa kupiga kura. Kwa hiyo kila jimbo linataka kuandikisha watu wengi. Huku kwetu kuuliza mtu wewe ni kabila gani si swali la karani, ni swali la barriere, kizuizi cha barabarani, usiku. Mimi ningeomba tu wanihesabu, kabila waache.

#19 Takwimu Tu
#18 pole sana ndugu na asante kwa kuandika. Nijeria nao wanaogopa hivyo hivyo, 2006 walijihesabu wakapata zaidi ya milioni 140, kabila na dini wakaziacha nje ya dodoso kwa makusudi, na bado Lagos wakakataa matokeo kwa sababu Kano iliwazidi.

#20 Pemba Moja
Assalaam aleikum. Naona mnazungumza kana kwamba kabila ni kitu mtu anazaliwa nacho kama pua. Sensa ya Muingereza huku Visiwani ya 1924, watu zaidi ya elfu thelathini walijiandikisha Waswahili. Miaka saba baadae, 1931, waliojiita hivyo wakabaki kama elfu mbili. Hawakufa wala hawakuhama. Jina Mswahili lilikuwa limeanza kunuka utumwa, watu wakajiandikisha Washirazi, Wahadimu, Watumbatu. Watu wale wale, nyumba zile zile, karafuu zile zile. Sasa hiyo namba ya 1967 mnayoitaja kama msahafu nayo iliandikwa na karani kwa kusikia jibu la mtu mlangoni.

#21 Hakika
#20 umenena. Na hata Wasukuma, neno lenyewe maana yake kaskazini. Wanyamwezi walikuwa wanaita watu wa upande wa kaskazini hivyo, wa kusini Wadakama. Mkoloni akaja na machifu wake na vitabu vya kodi akafanya dira kuwa kabila.

#22 Mwalimu Yaeda
Nachangia kidogo tu. Nimefundisha bonde la Yaeda, Mbulu. Huko ndani ya mwendo wa siku moja unakutana na Mwiraqw anayeongea Kikushi, Mdatoga wa Kinailoti, Mnyisanzu Mbantu, na Wahadzabe ambao lugha yao ya kupiga vidoko kwa ulimi haina ndugu anayejulikana. Wahadzabe wanakadiriwa elfu moja na mia kadhaa hivi. Kwenye takwimu ni wakazi wa kata fulani basi. 2011 walipata hati ya kimila ya ardhi yao, na moja ya kazi ngumu ilikuwa kuthibitisha wao ni nani na wanatumia eneo gani. Nilikuwa na mwanafunzi wa Kihadzabe darasa la nne, siku ya asali anapotea siku tatu anarudi amebeba masega kwenye kibuyu anatugawia walimu. Msimu wa mwisho alisema ndege wa asali bado anaita ila miti imekatwa shamba la vitunguu. Mimi kwa ajili ya yule mtoto nasema waulize.

#23 Mfipa Mtulivu
#22 umenigusa mwalimu.

#24 Dada wa Uyole
Mimi napinga. Nilienda kituo kimoja cha polisi kutoa maelezo baada ya kuibiwa simu, swali la kwanza jina, la pili kabila, la tatu dini. Nikataja kabila, yule askari akasema "ahaa, nyie ndio wakali", akacheka, na maelezo yangu yakaandikwa nusu ukurasa. Labda alikuwa anatania. Ila sitaki hiyo "ahaa" iende mpaka kwenye ajira na mikopo ya wanafunzi. Walioondoa hilo swali walikuwa wanatoka kwenye nchi yenye machifu, wakapeleka watoto shule za bweni mbali na kwao na JKT. Baba yangu Mnyakyusa alipangiwa kufundisha Newala, ndio akampata mama. Bila hiyo mimi sipo.

#25 Mzaramo wa Maneromango
Dada wa Uyole simu ilipatikana?

#26 Dada wa Uyole
Haikupatikana kaka.

#27 Takwimu Tu
Tukumbushane pia 2012 kuna ndugu zetu Waislamu waligomea sensa kwa sababu swali la dini halikuwepo, walisema watu wanataja asilimia hewani. Ni hoja ile ile ya Ngosha: usipouliza, kila mtu anajitungia. Ukiuliza, wanagombania. Na Katavi hiyo hiyo msisahau Katumba na Mishamo, Warundi waliokuja 1972, zaidi ya laki moja na sitini walipewa uraia 2014 pamoja na wa Ulyankulu. Hao ni Watanzania, kabila lao kwenye dodoso lingeandikwa nini?

#28 Ngosha_wa_Mpanda
Wakuu nimerudi. Mjadala huu umenifanya jana nimpigie mzee wangu. Amezaliwa 1955, sensa ya 1967 alikuwa Ushirombo na miaka 12. Nikamuuliza anakumbuka? Akasema anakumbuka vizuri, karani alikuja na baiskeli, akakalishwa kigoda chini ya mwembe akapewa maji ya kunywa. Akamuuliza babu kabila. Babu akasema Msumbwa. Karani akasema mzee huku wote ni Wasukuma, ni wale wale, akaandika. Babu hakubishana maana karani alikuwa mgeni na mvua ilikuwa inakuja.

Mwaka 1983 wakahama na ng'ombe kuja huku Mpanda, wenyeji wakawaita Wasukuma, wakakubali. Mimi nimekua nikijua ni Msukuma. Nikamuuliza sasa sisi ni nani baba, akakaa kimya kidogo akasema bibi yako ndio alikuwa Msukuma, wa Maswa. Salio likaisha hapo.

Bado nataka swali lirudi. Ila sijui ningejibu nini.

#29 Mrombo Asilia
Aisee. Milioni kumi toa mmoja.

#30 Msumbwa wa Runzewe
Nimesoma uzi wote kimya kimya toka juzi. Ngosha karibu nyumbani. Babu aliitwa nani, na huo mwembe ulikuwa upande gani wa Ushirombo? Ipo mitatu ninayoijua.